Picha ni Amana ya Watu Wawili

Mhadhara kwa vijana wanaojifunza kupiga picha, Chaani, Changamwe, Mombasa



Nimeombwa nizungumze juu ya misingi ya kupiga picha na maadili ya kuihariri. Katika ratiba zimeandikwa kama mada mbili, lakini nitazifunga pamoja, kwa sababu anayedhani maadili huanza pale anapofungua programu ya kuhariri amekwisha kuchelewa. Ukimtoa mpigaji, picha ina wenyewe wawili: aliyesimama mbele ya kamera, na atakayeitazama ilhali hakuwapo. Wa kwanza amekukabidhi sura yake. Wa pili amekukabidhi imani yake. Kila uamuzi wa mpiga picha, tangu anapochagua pa kusimama hadi anapotuma faili, unapaswa kuzilinda amana hizo mbili.

Mwanga wa pwani

Kamera ya bei kubwa na simu ya bei ndogo hufanya kazi moja: hupokea mwanga na kuuhifadhi. Mwanga huo huongozwa kwa mambo matatu. La kwanza ni tundu la lenzi. Ukitoka f/2.8 kwenda f/4, umepunguza mwanga kwa nusu, na sehemu inayoonekana wazi mbele na nyuma ya unayempiga imeongezeka. La pili ni kasi ya shata. Mtu aliyetulia atatoka vizuri kwa 1/125 ya sekunde, lakini watoto wanaocheza mpira watahitaji 1/500 au zaidi, la sivyo miguu yao itakuwa ukungu. La tatu ni ISO, yaani kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga iliopata. Ukitoka 400 kwenda 800 picha inang'aa maradufu, na chembechembe zinaongezeka. Ukigusa moja kati ya haya matatu, jingine lazima lilipe. Kwenye simu nyingi tundu halibadiliki, kwa hivyo simu hucheza na hayo mawili yaliyobaki.

Mombasa iko takriban nyuzi nne kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Oktoba, jua la adhuhuri hupita karibu na utosi kabisa. Ukimpiga mtu saa sita mchana uwanjani, macho yake yatageuka mashimo meusi na pua itaangusha kivuli mdomoni. Msogeze barazani, au chini ya mwembe, au mlangoni akiangalia nje, na uso utalainika bila programu yoyote. Asubuhi kabla ya saa tatu na alasiri baada ya saa kumi mwanga huja kwa ubavu, na kila kitu kinapata umbo. Machweo ya kwetu ni mafupi. Jua likishazama, giza halichelewi, basi ujiandae mapema.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba bila kupigwa hewa huota kuvu ndani ya vioo. Weka vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, na uitoe kamera mara kwa mara. Wengi wenu mtaanza na kamera kuukuu, na kamera kuukuu iliyotunzwa inafaa kuliko mpya iliyotelekezwa.

Sasa tazameni jinsi maadili yanavyoingia hata kabla ya kuhariri. Lenzi ndefu, ya milimita 200 kwa mfano, huwasogeza watu waliotengana wakaonekana wamebanana. Watu hamsini waliotawanyika uwanjani wanaweza kuonekana umati. Lenzi pana nayo hutengeneza nafasi mahali penye msongamano. Mpiga picha wa mkutano wa siasa anayejua hilo ana uwezo wa kukuza au kudunisha mgombea bila kugusa hata pikseli moja. Ndiyo maana mtu hawezi kujisafisha kwa kusema, "Mimi sikuhariri." Swali ni kama aliyeiona picha yako alipata sura ya kweli ya mkutano ule.

Kanzu, buibui na rangi ya ngozi

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kudhani kwamba eneo lote, likichanganywa, ni kijivu cha wastani kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Siku ya Idd, ukipiga safu ya wanaume waliovaa kanzu nyeupe, kamera itadhani mwanga umezidi na itaitia picha giza. Kanzu zitakuwa za kijivu na nyuso zitapotea. Ukipiga kina mama waliovaa mabuibui meusi, itadhani mwanga ni haba na itaing'arisha picha mpaka weusi wa kitambaa ufifie na nyuso zichujuke. Dawa ni kupima kwenye uso. Kwenye simu, gusa uso uliopo katika kioo cha simu, kisha panda au shuka kwa alama ya jua mpaka ngozi ionekane kama unavyoiona kwa macho. Ukishindwa kuamua, linda sehemu zenye mwanga mkali. Giza linaweza kufunguliwa kidogo baadaye, lakini weupe uliokwisha kuungua hauna kitu cha kurudishwa.

Katikati ya karne ya 20, maabara za kusafishia picha zilipelekewa na kampuni ya Kodak kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi ya mwanamke yule ilikuwa ndiyo kawaida, na ngozi nyeusi ikatoka ilivyotoka. Malalamiko yaliyosikizwa sana yalikuwa ya watengenezaji wa fanicha na chokoleti, ambao kahawia za bidhaa zao hazikutofautiana pichani. Ilichukua miaka mingi filamu na kadi kubadilishwa ziwafae watu wa rangi zote.

Nasema hayo kwa sababu tabia ile imerudi kwa mlango mwingine. Simu nyingi huja na filta ya urembo ambayo hulainisha uso, hupunguza pua na kuing'arisha ngozi, na mara nyingine huwa imewashwa tangu dukani. Msichana wa Chaani anajipiga picha, anaonyeshwa uso ambao si wake, kisha anajitazama kwenye kioo na kujiona ana kasoro. Mpiga picha anayemgeuza bi harusi kuwa mweupe kuliko alivyo, bila hata kuulizwa, amemwambia jambo baya juu ya ngozi yake mbele ya ukoo mzima. Ondoa chunusi iliyotokea juzi ukiombwa, kwa sababu itapona. Rangi ya mtu iache.

Pwani imeunganisha picha tangu zamani

Wapo watakaosema basi kuhariri ni haramu tupu. Historia yetu inakataa. Kwenye kivuko cha Likoni, hasa miaka ya 1990, wapiga picha, wengi wao wakiwa wametoka bara, walijenga vibanda vya studio vyenye mapazia yaliyochorwa: meli, ndege, majumba marefu. Kibarua aliyeingia mjini mwezi ule alisimama mbele ya ndege iliyochorwa na kuipeleka picha kijijini. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwatawanya wengi wao, lakini picha zao zimebaki majumbani kote nchini. Mombasa mjini, studio ya N. V. Parekh iliwapiga picha vizazi vya wakazi wa kila kabila na dini, kila mmoja akijipamba alivyopenda kukumbukwa. Lamu, Omar Said Bakor aliunganisha picha mbalimbali kuwa moja, akampeleka mtu mahali ambapo miguu yake haikufika.

Hakuna aliyedanganywa. Mteja alijua, jamaa walijua, na pazia lenyewe lilitangaza kwamba ni pazia. Ile ilikuwa picha ya matumaini, na ilitolewa hivyo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaoweka dhambi ndani ya mkasi au ndani ya programu. Studio ya Magongo inayomweka mtoto wa chekechea mbele ya bahari ya kompyuta siku ya mahafali haijamkosea mtu. Kosa linazaliwa pale picha inapoahidi kitu kimoja na kutoa kingine.

Kila aina ya picha ina ahadi yake. Picha ya harusi inaahidi kumbukumbu njema. Picha ya tangazo la nyumba ya kupanga inaahidi kwamba chumba ni hicho, kwa hivyo ukifuta ufa ukutani umemuibia mpangaji. Picha ya pasipoti inaahidi kwamba afisa atakutambua, basi isiguswe usoni kabisa. Na picha ya habari inaahidi kwamba, kama ungekuwa pale, ungeona hivi.

Ahadi hii ya mwisho ndiyo kali kuliko zote. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 iliambatanishwa na kanuni za maadili zilizotaka waandishi waepuke kuchezea picha kwa namna inayopotosha ukweli wa habari, na wawe waangalifu pale picha inapoweza kumdhuru aliyemo. Duniani, mashirika ya habari yamechukua hatua kali. Agosti 2006, mpiga picha Adnan Hajj alinakili moshi katika picha ya Beirut ili uonekane mwingi. Reuters iliacha kufanya naye kazi na kuondoa picha zake zote 920 zilizokuwa zikiuzwa. Januari 2014, Associated Press iliachana na Narciso Contreras, aliyekuwa katika kikosi kilichoshinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliotangulia, kwa sababu alifuta kamera ya video iliyoonekana pembeni mwa picha ya mpiganaji wa Syria. Shirika lilikagua karibu picha zake 500 na kukuta ni hiyo moja tu iliyoguswa.

Mwaweza kusema adhabu ilizidi kosa, maana kamera pembeni haikubadilisha habari. Mimi naona ilistahili. Mtazamaji hana njia ya kujua ni picha ipi kati ya hizo 500 imeguswa. Akijua kwamba moja si ya kweli, hata zile 499 zinapoteza nguvu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mpiga picha wa habari huifikia mwisho wake mapema kuliko wengi.

Basi nini kinaruhusiwa? Katika picha ya habari, rekebisha mwanga na giza kwa kiasi, rekebisha rangi iliyoharibiwa na taa, futa doa la vumbi lililokuwa kwenye kihisi cha kamera, nyoosha upeo wa macho, na ukate kingo. Mafundi wa vyumba vya giza walifanya hivyo kwa miongo mingi kabla ya Photoshop kutoka mwaka 1990. Usiongeze kitu, usiondoe kitu, usihamishe kitu. Na hata kukata kingo kuna hatari. Ukipiga askari na kijana wakivutana, ukamkata mwenzake kijana aliyeshika jiwe, au ukaukata mkono wa askari wenye rungu, umehukumu kesi kwa mkasi.

Maneno yanayofuata picha

Picha safi inaweza kudanganya kwa maelezo machafu. Mnajua zile picha za machafuko ya 2007 na 2008 zinazofufuliwa kila tukikaribia uchaguzi na kuandikwa, "Hali ilivyo sasa." Hakuna aliyezihariri. Tarehe tu ndiyo iliyoibwa.

Kuna pia ukimya unaoumiza. Machi 1993, Kevin Carter wa Afrika Kusini alimpiga picha mtoto aliyeanguka kwa njaa huko Ayod, kusini mwa Sudan, tai akiwa nyuma yake. Gazeti la New York Times liliichapisha, na wasomaji wengi wakauliza: mtoto alipatwa na nini? Gazeti likalazimika kuchapisha ufafanuzi. Picha ilipata Pulitzer mwaka 1994, na swali lile halikumwacha mpigaji wake hadi alipofariki mwezi Julai mwaka uleule. Haikuwa picha ya uongo. Ila mtoto yule aliingia katika historia bila jina na bila mwisho wa habari yake. Unapompiga mtu aliye katika dhiki, jifunze jina lake kama anaridhia litajwe, jua anakwenda wapi, na jiulize unaweza kumsaidia vipi kabla ya kuinua kamera.

Tazameni pia jirani zetu wa Owino Uhuru, upande wa Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliichafua hewa, udongo na maji kwa madini ya risasi, na mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi katika damu haionekani kwa lenzi. Picha ya nyumba ya mabati na mama mlangoni haithibitishi kitu mpaka iandikwe ni wapi, ni lini, ni nani, na vipimo vilisema nini. Kijana anayeipaka picha kama hiyo rangi ya kijani cha sumu ili itishe ameidhoofisha kesi ya watu wake, kwa sababu wakili wa upande wa pili ataishika rangi ile na kuiacha sumu yenyewe. Hapa Chaani tuna malori, mitaro na moshi wa kutosha. Vipigeni vilivyo, viandikeni tarehe, na muhifadhi faili asili.

Ridhaa

Sasa nirudi kwa mwenye sura. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake, na mtoto anahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu ya Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Nyinyi mnaopigia shule na kumbi picha za matangazo, msione hayo ni mambo ya Nairobi. Andaa karatasi ya idhini, ieleze kwa Kiswahili rahisi picha itatumika wapi, na mtu aweze kukataa bila kukasirikiwa.

Lakini adabu ya pwani ilitangulia sheria hiyo. Katika shughuli za kina mama, kupamba au kesha la harusi, mabuibui huvuliwa ndani kwa sababu hakuna jicho la mtu asiyestahili. Nyumba nyingi sasa huwaomba wageni waache simu mlangoni. Mtafiti Mjerumani Heike Behrend, aliyechapisha mwaka 2013 kitabu juu ya upigaji picha katika pwani hii, alieleza jinsi wanawake Waislamu walivyopinga picha zao kuwekwa kwenye madirisha ya studio na kuzagaa mikononi mwa watu. Hawakuikataa picha. Walitaka kujua nani ataiona. Simu imelipanua dirisha lile likawa dunia nzima, na madai ya mama zetu yamekuwa ya haki zaidi.

Kwa hiyo nawaambia mabinti mlio hapa: kazi hii inawahitaji. Mwanamke fundi wa kamera, anayejulikana kwamba hahifadhi nakala ya siri, hatumi sampuli bila idhini, na anakabidhi kadi yote kwa mwenye shughuli, hatakosa kazi Mombasa. Na kwa vijana wa kiume: anayesambaza picha ya faragha ya mtu, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamweka katika hatari ya kifungo hadi miaka miwili, au faini hadi shilingi 200,000, au vyote viwili. Kumbandika msichana uso wake kwenye mwili wa uchi kwa programu si mzaha. Ni kumvunjia mtu maisha.

Mashine inayobuni

Zamani uongo wa picha ulihitaji ufundi. Leo unahitaji sentensi moja. Machi 2023, picha ya Papa Francis akiwa amevaa koti kubwa jeupe ilisambaa duniani na kuaminiwa na wengi, kumbe ilitengenezwa na akili bandia. Mwezi huohuo mtumiaji mmoja alionyesha kwamba simu za Samsung zilitoa mwezi wenye vipengele ambavyo lenzi haikuviona, na kampuni ikaeleza kwamba simu huutambua mwezi na kuuboresha kwa akili bandia. Fikirieni jambo hilo siku ya kutafuta mwezi mwandamo, picha zinapopita kwenye makundi ya WhatsApp. Simu iliyofundishwa umbo la mwezi haiwezi kuwa shahidi wa mwezi. Jicho la mtu mwadilifu linabaki na daraja lake.

Uchaguzi mkuu wa 2027 uko mbele yetu. Zitakuja picha za maiti, za kura zilizochomwa, za kiongozi akifanya asilolifanya. Ninyi mliojifunza mwanga mtaona kile majirani hawakioni: kivuli kinachoelekea upande wa pili, vidole sita, herufi za bango zisizosomeka. Itafuteni picha kwa Google Lens au TinEye muone ilianza lini. Na mjue kwamba WhatsApp huibana picha na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani yake, kama tarehe na kamera. Ukitaka kutuma picha kama ushahidi, itume kama faili, na asili yake isiguswe.

Wazee na walimu, nawaomba muwafungulie vijana milango: muwape ukumbi wa kufanyia mazoezi, na muwaruhusu kuiandika Chaani kwa picha kabla hajaja mgeni kuiandika kwa niaba yao. Wazazi, waulizeni watoto wenu nani kawapiga picha na imepelekwa wapi.

Nanyi vijana, nawaachia maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kutuma picha yoyote. Aliyemo angeiona, angeridhia? Asiyekuwapo akiiamini, atakuwa ameamini kweli? Ukipata jibu la ndiyo kwa yote mawili, tuma, na utie jina lako chini yake. Ukilikosa moja, iache ndani ya simu au uifute. Kamera mnazo, mwanga Mungu ametupa wa kutosha, na mtaa huu una habari nyingi zinazostahili kusemwa sawasawa. Nendeni mkaziseme.